Mwacheni Biharusi Apige Msamba Wake



Wiki hii niliwaahidi somo la singo na udi wa kufukizia nguo. Liko njiani, msinune. Leo nina jambo limenikwama kooni kama mwiba wa changu tangu mwezi wa saba, na biharusi mwenyewe ameniruhusu kulisema, kwa sharti nisitaje jina lake wala la mtu yeyote wa upande wetu.

Mtoto wa dada yangu, kijana wa Unguja anayeendesha gari za watalii huko bara, amepata mchumba Karatu, wilaya ile iliyo mlangoni mwa Ngorongoro. Binti ana miaka 26, ni mwalimu wa skuli ya msingi. Baba yake ni Mrangi aliyehamia kutoka Kondoa, watu wa dini, watu wa swala tano. Posa ikapokelewa, mahari ikatajwa, sote tukafurahi. Kisha mtu mmoja, sijui nani na sitaki kujua, akatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu video ya nusu dakika. Mwalimu yuko uwanjani, kavaa suruali pana na fulana ndefu ya mikono, mtandio kaufunga nyuma ya shingo. Wanawake wenzake wamemzunguka. Anashuka taratibu, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mpaka anakaa chini kabisa. Kapiga msamba. Wenzake wanapiga makofi, yeye anacheka na kuinuka kupangusa vumbi.

Hiyo tu ndiyo video.

Ujumbe wa kwanza wa sauti ulitoka kwa wifi yetu, shangazi wa bwana harusi. "Huyo tena? Huyo keshajimaliza mwenyewe. Kisarawanda kitatoka cheupe kama kilivyoingia." Baada yake wakamiminika. Mmoja akasema wasichana wa bara ndio walivyo. Mwengine akasema michezo humfungua mwanamke. Mwengine, msomi kabisa, akaleta hoja ya huruma: jamani, tusimhukumu, bikira inaweza kuondoka kwa michezo, si kosa lake. Mpaka kufika magharibi, uamuzi ulishapita bila ya mwenyewe kuulizwa: binti apelekwe hospitali akapimwe, na iletwe karatasi ya daktari kabla ya mahari kutoka.

Mimi na dada yangu tukatakiwa tuipeleke habari hiyo Karatu. Tukaenda. Lakini sikwenda kwa nia waliyonituma.

Kwanza nisemeni juu ya neno lenyewe, maana naona ndilo lililotuponza. Msamba kwa Kiswahili ni ile sehemu ya mwili iliyo baina ya njia ya mbele na ya nyuma. Mkunga akikwambia mama kachanika msamba, unajua anasema nini, na mwili unakusisimka. Sasa ule mchezo wa kutandaza miguu mpaka chini nao tukauita kupiga msamba. Kwa hivyo mtu akisikia "kapiga msamba", kabla hajafikiri, kichwani mwake kitu kishapasuka. Wifi yangu hakuona kitu chochote kikipasuka kwenye ile video. Alilisikia neno, neno likamwonesha.

Safari ya Karatu kwa mtu wa pwani ni ndefu. Boti mpaka Dar, basi mpaka Arusha, na kesho yake unaiacha barabara ya Dodoma pale Makuyuni, unapita Mto wa Mbu na ndizi zake nyekundu, halafu gari inaanza kupanda ukingo, Ziwa Manyara linabaki chini kama sahani ya bati. Ukifika Rhotia udongo umekuwa mwekundu, na ukifika Karatu mji baridi imeshaingia kwenye mifupa. Mbele kidogo ni lango la Lodoare na msitu, na juu ya msitu ndio ukingo wa kreta yenyewe. Dada yangu alivaa baibui mbili, moja juu ya nyengine, na bado alitetemeka.

Tulilala kwa jamaa. Alfajiri, baada ya swala, nikasikia miguu inapita barabarani. Wasichana na wavulana wanakimbia. Hapo ndipo nilipokumbuka niko wapi. Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu wa kule wanakimbia kama watu wa kwetu wanavyoogelea, na hakuna anayegeuka kuwatazama.

Biharusi wetu naye alikuwa amerudi kutoka mbioni. Alitukaribisha uani kwao, akatuandalia chai ya maziwa, na kwa kuwa nilimwomba mwenyewe, akanionesha anachokifanya. Nawaelezea kwa urefu kwa sababu wengi wenu mnaniuliza kuhusu mazoezi ya kabla ya harusi, na pia kwa sababu nataka muone jinsi jambo hili lilivyo mbali na uchafu uliosemwa.

Alipokuwa na miaka 24 aliumia misuli ya nyuma ya paja akikimbia. Alipopona, aliambiwa misuli yake ni mifupi na mikavu, ainyooshe. Akaanza kidogo kidogo. Imemchukua miezi 14 kufika chini. Kwanza hupasha mwili moto, kwa sababu kwa baridi ya kule misuli huwa kama mpira uliotoka kwenye friji, ukiuvuta ghafla unakatika. Halafu huweka goti chini, mguu wa mbele ukanyooka, hushuka mpaka pale anapohisi mvuto, hukaa hapo nusu dakika akivuta pumzi taratibu. Hadundi. Hajilazimishi. Mvuto ukiwa kwenye nyama ya paja, ni sawa. Ukichoma ndani kwenye kiungo cha nyonga au kwenye mfupa wa kinena, anaacha siku hiyo. Na ule msamba wa pembeni, miguu yote miwili ubavuni, hauwezi, na wala hautafuti. Mifupa ya nyonga haifanani kwa watu wote, kuna ambao tundu la nyonga haliwaruhusu kabisa hata wafanye mazoezi miaka mingapi.

Sasa, dada zangu, tuseme wazi ni kitu gani kinachovutwa pale. Mguu wa mbele unavuta misuli ya nyuma ya paja, inayoanzia kwenye mfupa wa kukalia na kushikia chini ya goti. Mguu wa nyuma unavuta misuli ya mbele ya nyonga. Ukipiga msamba wa pembeni, inavutwa misuli ya ndani ya paja. Basi. Kizinda hakikushikizwa kwenye misuli hiyo hata mmoja.

Na kizinda chenyewe si kile tulichosimuliwa. Si ngozi ya ngoma iliyowambwa mlangoni ikingoja kupasuliwa. Ni mkunjo wa nyama laini pembezoni mwa njia, na kwa karibu wanawake wote una uwazi tangu kuzaliwa. Kama usingekuwa na uwazi, hedhi ingepita wapi? Wachache sana huzaliwa umefunga kabisa, na hao huhitaji kupasuliwa hospitali. Wengine wanao mpana, wengine mwembamba kama uzi, wengine umekaa kama mwezi mwandamo. Mwanamke akishakomaa, homoni zake huufanya uwe laini na wenye kunyumbuka. Ndiyo maana wanawake wengi, waliojitunza maisha yao yote, hawatoki hata tone usiku wa kwanza. Na wanaotoka damu, mara nyingi ni kwa sababu ya hofu, ukavu na papara ya bwana, mambo ambayo somo mzuri angemfundisha bwana harusi badala ya kukaa nje ya mlango na kutega sikio.

Ajali ni jambo jengine. Mtu akianguka juu ya bomba la baskeli au ukingo wa ngazi, sehemu hiyo inaweza kuumia kama sehemu nyengine yoyote, kwa maumivu na damu, na anakwenda hospitali. Atakumbuka siku hiyo. Lakini kujinyoosha kwa nusu dakika ukivuta pumzi si kuanguka.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa lazima nijitaje mwenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita, binti wa mjomba wangu aliolewa, Unguja. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa chumba cha pili. Asubuhi kisarawanda kikatoka cheupe. Nyinyi mnaijua ile kimya. Bibi mmoja akakikunja mara mbili, mara nne, akakiweka chini ya mkeka kama maiti ya panya. Mama wa binti alikuwa anatazama ukuta. Mimi, kwa kumpenda ndugu yangu, nikaropoka: "Jamani, huyu kacheza mpira wa pete tangu skuli, na baskeli juu. Si mnajua michezo inaondoa?" Chumba kikapumua. Mmoja akapiga kigelegele chembamba, wengine wakaitikia. Ndoa ikasimama. Nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba nimemsitiri mtu.

Baada ya wiki mbili mdogo wake, aliyekuwa bado skuli na ndiye mfungaji wa timu yao, alitolewa kwenye mpira wa pete. Mama yake alisema hawezi kuingia kwenye aibu ile mara mbili. Mtaani habari ikasambaa, na mama wengine watatu wakafanya hivyo hivyo. Timu ikavunjika. Na ndugu yangu mwenyewe hakusalimika. Mpaka leo wakigombana, hata kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi, mumewe humtupia: "Michezo gani hiyo uliyocheza wewe?" Kumbe nilimpa mume silaha ya kudumu. Ndugu yangu hakuwa na kosa la kuombewa radhi. Alikuwa bikira, hakutoka damu, kama wanawake wengi. Mimi ndiye niliyekwenda kumtafutia udhuru, na udhuru hutafutiwa aliyekosa.

Kwa hivyo yule msomi wa kwenye kundi, aliyeleta hoja ya huruma, ananikera kuliko hata wifi yangu. Wifi anasema msamba umemharibu binti. Msomi anasema msamba umemharibu lakini tumsamehe. Wote wawili wanakubaliana kwamba kitambaa ndicho kadhi, na kwamba kila msichana anayekimbia, anayeruka kamba au anayenyoosha miguu yake ni mshukiwa. Tofauti yao ni adhabu tu.

Haya, tuje kwenye dini, maana ndiko wanakokimbilia wote.

Masheikh wetu wa mwambao, Mashafi, wamesomesha Minhaj ya Imam Nawawi vizazi kwa vizazi. Imam alifariki mwaka 676 Hijria, zaidi ya miaka 700 iliyopita. Katika mlango wa nikaha, anapoeleza nani anahesabiwa bikira kwa ajili ya idhini ya ndoa, anasema kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwamba kuondoka kwa bikira bila ya kuingiliwa, kwa mfano kwa kuanguka, hakubadilishi chochote. Mwanamke huyo hukumu yake ni ya bikira. Mahanafi nao wamesema hivyo hivyo, wakataja mpaka kuruka. Mnaliona hilo? Wanachuoni hao hawakuwa na elimu ya mwili tuliyonayo leo, walidhani kama wifi yangu kwamba kuruka na kuanguka kunaweza kuuondoa. Na pamoja na kudhani hivyo walisema: haidhuru, ni bikira. Sheria iliangalia alichokifanya mtu, haikuangalia nyama. Basi hata tukikubali kila neno la wifi kuhusu msamba, ambalo si kweli, bado hana pa kusimama.

Na yeye anasimama mahali pabaya. Suratun-Nur, aya ya 4, inawataka wanaowatuhumu wanawake waliojihifadhi walete mashahidi wanne, na wasipowaleta, bakora 80 na ushahidi wao usikubaliwe. Mashahidi wanne wa macho, dada zangu. Haikutajwa nguo. Haikutajwa video ya uwanjani. Na ukisoma kidogo mbele, utakikuta kisa cha Bibi Aisha (R.A.), aliyebaki nyuma ya msafara akitafuta mkufu wake, akarudi na sahaba aliyemkuta njiani, na Madina nzima ikawa na la kusema. Nao walikuwa na "walichokiona". Aya zikashuka kumtakasa, na kuwauliza waumini kwa nini hawakudhania kheri waliposikia. Bibi Aisha huyo huyo, kwa riwaya ya Abu Daud, alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akamshinda, na siku nyengine alipokuwa amenenepa yeye akashindwa, Mtume akamtania kwamba hii ni kwa ile. Mtume wa Mwenyezi Mungu alikimbizana na mkewe safarini. Sisi tunamtaka mke asinyooshe mguu.

Nimalizie na kisarawanda. Katika Sahih Muslim kuna onyo kali juu ya mume na mke wanaokutana faragha kisha mmoja akaeneza siri ya mwenzake. Wametajwa kuwa miongoni mwa walio na daraja mbaya kabisa Siku ya Kiyama. Sasa kile kitambaa kinachotoka chumbani, kikapita mikono ya mabibi sita, kikapelekwa kwa mama wa binti kwa sinia na vigelegele, ni nini kama si siri ya chumbani iliyotiwa kwenye sinia? Mkiniambia ni mila ya wazee, nakubali, ni mila. Msiniambie ni dini.

Tena mila yetu yenyewe inajipinga. Sisi watu wa Unguja, kwa unyago, tunamlaza biharusi mkekani na kumfundisha kulainisha nyonga, kuzungusha kiuno, kukaa na kuinuka bila ya kushika chini. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alipiga ngoma ya unyago mpaka uzeeni, na watu walikuja kutoka ng'ambo kumtazama. Nyonga laini chumbani, kwa ajili ya mume, ni sifa na somo hulipwa. Nyonga zile zile zikiwa laini uwanjani, kwa afya ya mwenyewe, ni kashfa. Wanawake wetu wa Paje na Jambiani huinama na kuchuchumaa kwenye mwani tangu maji yanapokupwa mpaka yanapojaa. Kule wilaya ya Karatu, bonde la Mang'ola, wanawake huruka mifereji na kuchuchumaa kutwa kwenye vitunguu. Wamasai wa Ngorongoro, wanawake ndio wanaojenga nyumba kwa mikono yao. Sijasikia hata siku moja mkwe akidai mvuna mwani apimwe. Mwili wa mwanamke ukitumika kwa kazi hauna neno. Ukitumika kwa furaha yake, mashaka yanaanza.

Na wavulana je? Vijana wanaoruka baharini pale Forodhani kila jioni, miguu juu kichwa chini, tunawapiga picha. Ramadhani Brothers, vijana wetu wa sarakasi, miili yao inakunjika kama ukili, mwaka 2024 walishinda mashindano makubwa ya vipaji ya televisheni kule Marekani na nchi nzima ikashangilia. Nani aliuliza kama watafaa kuoa? Bwana harusi wetu mwenyewe, ambaye ni mwanangu na nampenda, ameishi Arusha miaka sita peke yake. Kwenye ujumbe wote ule wa kundi la ukoo, hakuna hata mmoja uliouliza habari zake. Mkuki kwa nguruwe.

Najua wengine mnangoja niseme kuhusu stara. Nasema. Mwanamke wa Kiislamu kupiga msamba mbele ya wanaume wasio maharimu, nguo ikimbana, sikubali, na mwalimu wetu naye hakubali. Ndiyo maana alikuwa na wanawake watupu na nguo pana. Aliyevunja stara ni aliyerikodi, na baada yake aliyetuma, na baada yake kila aliyeitazama mara ya pili. Lakini msilichukue suala la nguo mkalifanya suala la bikira. Nguo ina dawa yake. FIFA imeruhusu hijabu uwanjani tangu mwaka 2014, mpira wa kikapu tangu 2017. Filamu ya wanasoka wa kike wa hapa hapa Unguja ilioneshwa tangu 2007. Na wa bara nao wapo: Zakia Mrisho, msichana wa Singida, alimaliza wa sita duniani katika mita 5000 kule Helsinki mwaka 2005. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023. Hizo zote ni nyonga zilizonyooshwa.

Imebaki ile karatasi ya daktari. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa na UN Women, walitoa tamko la pamoja: upimaji wa bikira hauna msingi wa kitabibu, hakuna uchunguzi unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kuingiliwa au la, na zoezi lenyewe ni la kumdhalilisha, likomeshwe. Kwa hivyo anayekuandikia karatasi hiyo anakuuzia uongo wenye mhuri, na ili kuupata lazima mwanamke avue mbele ya mgeni bila ya ugonjwa. Wanaolia stara ndio waliolitaka hilo. Sikuelewa mpaka leo.

Kama ni karatasi, zipo za maana, na tuliwaeleza wazee wa pande zote mbili pale pale barazani: wachumba wote wawili wakapime selimundu, virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B. Watu wawili wenye vinasaba vya selimundu wakioana bila ya kujua, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Hilo ni jambo la kuulizana kabla ya mahari. Baba wa biharusi alikubali mara moja. Akauliza tu kama na bwana harusi naye atapima, nikamwambia yeye ndiye wa kwanza.

Sikumficha kilichosemwa kwenye kundi. Nilidhani atatufukuza. Alikaa kimya, akamwaga chai iliyopoa kwenye majani, akasema: "Mwambieni shangazi yake mahari yake iko palepale, haijaguswa. Akilisema tena neno hilo, nitairudisha mwenyewe kwa mkono, na boti nitapanda." Biharusi alikuwa amesimama mlangoni. Yeye aliuliza kitu kimoja: kama akija Unguja, kuna uwanja wa wanawake wa kukimbilia asubuhi? Nikamwambia tutautafuta. Ukweli ni kwamba sijaupata bado. Mwenye kuujua aniandikie, na kama kuna akina dada wanaotaka kuanza kutembea na kukimbia pamoja baada ya alfajiri, waniandikie pia.

Kwa mabiharusi mnaonisoma: mkiulizwa, msijibu "labda ni michezo". Msimpe mtu yeyote udhuru ambao hakuna kosa lake. Na mama mtakaokaa chumba cha pili, acheni kukaa chumba cha pili. Nendeni mkapike, watu wana njaa asubuhi ile.

Harusi ni Mfunguo Mosi, inshallah, Karatu. Wifi amesema hendi, baridi ya kule itamuua. Tiketi yake ya boti nimeshakata, na sweta nimemnunulia.